Sauti ya Komeo

Mfaranyaki, Songea
11 Februari 2024

Mpwa wangu Pamela,

Uniwie radhi kwa kimya changu cha miezi mitano. Barua yako ya Septemba niliipata siku tatu baada ya kuandikwa, kwa hiyo watu wa basi hawana kosa. Nilikasirika, nikaitia kabatini, na kila nilipofungua kabati nilikasirika upya. Sasa hasira imekwisha, nami nimeifanya kazi uliyoniomba. Barua yenyewe ilikuwa na makosa manne. Nimeyatia wino mwekundu na ninakurudishia.

Huku hatujambo. Mvua ni nzuri, goti langu la kushoto ni baya. Mama yako alikuja kutoka Mpitimbi wiki iliyopita na maharage na kuku mmoja aliyekataa kutulia kwenye bodaboda. Walifika wote wawili hawana hali. Wenzake wa kikundi cha kilimo wamemchagua ashike simu ya kikundi, kwa kuwa katika wanawake kumi na mmoja ni yeye tu anayesoma bila kufuatisha maneno kwa kidole. Anajivuna kidogo. Sikumkataza.

Sasa kazi. Umeniambia kwamba kampuni yenu, Komeo, inalinda namba za siri za wakulima wa vyama vya ushirika, zile wanazomwonyesha wakala ili wapewe mbolea, na kwamba mnataka iwe na sauti moja katika kila ujumbe inaotuma. Nimesoma jumbe thelathini ulizonipa. Wa kwanza unasema, "Mambo vipi mteja wetu!" Wa pili unatisha kama askari wa doria. Wa tatu nusu yake ni Kiingereza. Ni kama nyumba moja yenye wapangaji watatu wasiosalimiana. Mkulima wa Lusewa akipokea zote tatu kwa wiki moja, atajuaje kwamba zimetoka kwa mtu mmoja?

Nimewaandikia kurasa kumi na mbili. Komeo izungumze kama mtu mzima aliyeketi. Ianze kwa salamu. Iulize habari za mvua na za shamba. Itaje hatari kwa maneno machache yasiyotisha. Kisha imwambie mtu jambo moja tu la kufanya, na imshukuru. Sauti hiyo sikuibuni. Ndivyo nilivyokuwa nikimwandikia mama yako nilipokuwa chuo cha ualimu, yeye akiwa ametolewa shule darasa la nne ili amuuguze bibi yako. Barua hizo ndizo zilizomfundisha kusoma.

Sentensi moja yenu nimeifuta: "Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, hata sisi tukikuomba." Mtu hawezi kubisha hodi, akakaribishwa, akapewa kiti, kisha akamwambia mwenye nyumba asimwamini. Huo ni utovu wa adabu. Ama unaaminika, ama usibishe hodi.

Mjomba wako,
Pankrasi

*

Dar es Salaam
17 Machi 2024

Mjomba, shikamoo.

Nimepokea kurasa kumi na mbili na makosa yangu manne. Nimeyasahihisha, na hii ninaiandika polepole kama mtu anayevuka daraja la miti. Mimi sijambo, ila joto la huku linatuchemsha. Nimehama chumba, mwenye nyumba wa sasa ni mama wa Kiyao wa Tunduru, ananipa korosho na kunigombeza nisipokula. Mwambie Mama kwamba ninakula.

Muhsini, mkurugenzi wetu, alizisoma kurasa zako mbele ya wote. Alipomaliza alisema, "Huyu mzee angetufundisha wote, tungekuwa watu." Wakacheka, lakini kesho yake hakuna aliyeandika "Mambo vipi". Tumetuma ujumbe wa kwanza kwa sauti yako, na wakulima wamejibu salamu! Mmoja wa Namtumbo ametuandikia kwamba ng'ombe wake amezaa. Hatujawahi kuona jambo kama hilo.

Kuna moja tu. Saimon, fundi wetu wa usalama, anataka ile sentensi irudi. Nilimweleza habari za hodi na kiti. Akaniambia, "Dada Pamela, mjomba wako anawajua wageni. Mimi ninawajua wezi. Wezi wakijifunza kuzungumza kama sisi, mteja atatutofautisha kwa kitu gani?" Hana adabu sana, Mjomba, lakini kazi yake anaijua. Unaonaje?

Mpwa wako,
Pamela

*

Mfaranyaki, Songea
7 Aprili 2024

Mpwa wangu Pamela,

Marahaba. Pasaka imetukuta salama. Mama yako alisimama kwaya siku nzima na sasa anaugua miguu, wala hataki kusikia kwamba chanzo ni kwaya. Barua yako haina kosa hata moja. Nimefurahi.

Naona kwamba fundi wenu Saimon anaona kila mlango una mwizi nyuma yake. Mtu wa namna hiyo ni wa kutengeneza makufuli. Kuzungumza na watu wazima si kazi yake. Wakulima wamejibu salamu zenu kwa sababu wamehisi wameheshimiwa. Sasa mnataka kuwaambia kwamba heshima ile ilikuwa chambo?

Sentensi hiyo ikirudi, ondoeni maneno yangu yote na mrudi kwenye "Mambo vipi". Sitaandika tena juu ya jambo hili.

Mjomba wako,
Pankrasi

*

Dar es Salaam
6 Oktoba 2024

Mjomba, shikamoo.

Ni muda mrefu, samahani. Kazi zimenibana. Habari za goti? Nimesikia kwamba kiwanja cha mbele yako kimepata mnunuzi. Huku mvua bado, vumbi tupu. Mwenye nyumba wangu alikwenda Tunduru kumzika kaka yake, akarudi amenyamaza. Sasa mimi ndiye ninayemlazimisha kula.

Komeo inaendelea. Vyama vipya vya ushirika viwili viko karibu kutia saini, na Muhsini hataki jambo lolote liwatie wasiwasi kabla ya msimu.

Ninataka kukuuliza kitu kidogo. Mama akipata ujumbe kwenye simu ya kikundi, huwa anakuuliza wewe kwanza, au anafanya tu kama alivyoelekezwa? Ungemwambia akuulize kwanza. Ninauliza tu. Si lazima umwambie kwamba swali limetoka kwangu.

Ile sentensi tuliiacha nje kama ulivyotaka.

Mpwa wako,
Pamela

*

Mfaranyaki, Songea
19 Januari 2025

Mpwa wangu Pamela,

Mvua inanyesha vizuri. Goti liko vilevile. Jirani yangu Otto amefiwa na mkewe, tumezika Jumanne. Hizo ndizo habari za huku.

Nimetoka Mpitimbi. Ulinipigia simu mara tatu sikupokea, kwa kuwa jambo hili si la simu. Simu ni ya kuulizia kama mtu amefika.

Mwishoni mwa Novemba simu ya kikundi ilipokea ujumbe wa Komeo. Mama yako hakuufuta. Nimeusoma kwa macho yangu. Unamsalimu. Unauliza kama mvua za kupandia zimeanza. Unasema kuna wezi wa mbolea wanaozunguka na kwamba namba za wakulima zitafungiwa mahali salama. Unamwomba atume namba za siri za wanakikundi wote, na unamshukuru. Alizituma zote kumi na moja. Wiki iliyofuata walikwenda kwa wakala, wakaambiwa mbolea yao imekwisha kuchukuliwa wilaya nyingine, kwa namba zao wenyewe.

Nimeyaona mahindi. Yamefika magotini na yamegeuka njano. Ukipita unajua mashamba yao ni yapi bila kuuliza. Ya jirani ni ya kijani mpaka mpakani.

Nilikwenda kwenye kikao chao. Mwenyekiti wao ni Kunegunda, unamkumbuka, alikuwa akikubeba mgongoni. Alinipa kiti, akasema, "Karibu Mwalimu. Dada yako hajatushikia panga. Katumaliza kwa kidole kimoja." Wengine wakacheka, kicheko ambacho sikukipenda.

Nikawaambia, "Ametapeliwa kama ninyi."

"Kama sisi?" akasema mama mmoja wa nyuma. "Sisi hatuna binti Dar anayekula kwa kampuni hiyo. Namba zetu zimekwenda kwa binti, Mwalimu. Mbona unatufanya watoto?"

Mama yako alikuwa amekaa chini, karibu na mlango. Hakuna aliyesogea kumpisha kwenye mkeka.

Jioni nilimuuliza kwa nini hakunipigia kwanza. Aliendelea kuchambua mboga. Kisha akasema, "Niliusoma mara mbili, Kaka. Nikasema, huyu ni Kaka. Anasalimu vile, anauliza shamba vile, halafu anasema fanya hivi. Tangu lini umeniandikia fanya, nami nikakuuliza kwa nini?"

Sasa nijibu wewe. Swali lako la Oktoba sikulifikisha kwa mama yako. Nilidhani umeanza kumwona mjinga kwa kuwa umekaa mjini, nikakasirika kama ilivyo kawaida yangu. Hilo ni kosa langu nami ninalibeba. Lakini ulikuwa na sababu ya kuuliza. Ulijua nini, na ulikijua lini?

Mjomba wako,
Pankrasi

*

Dar es Salaam
23 Februari 2025

Mjomba, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Sijambo. Hapana, sitaandika kwamba sijambo.

Tulijua tangu Septemba. Kulikuwa na wakulima wa mkoa mwingine waliopata jumbe kama ule. Saimon aliweka mezani jumbe mbili, wa wezi na wa kwetu, akatuambia tuchague upi ni wetu. Muhsini alichagua wa wezi. Mimi pia, Mjomba. Wamejifunza sauti yako vizuri kuliko vijana niliowafundisha mwenyewe.

Saimon alitaka wakulima wote waonywe siku hiyohiyo. Muhsini akasema tusubiri vile vyama viwili vitie saini, la sivyo watatukimbia, na kampuni ikifa hakutakuwa na wa kuwalinda hao wakulima. Nilikubali. Nilijiambia kwamba ni wiki mbili. Saimon aliacha kazi. Nikakuandikia wewe lile swali, nikaona nimefanya sehemu yangu.

Sikumpigia Mama mwenyewe kwa sababu angeniuliza ninajuaje.

Nilimtumia nauli aje akae kwangu. Ameirudisha. Nikamwambia nitawanunulia mbolea wote kumi na moja. Akasema mahindi yamekwisha kupita umri wa mbolea, na kwamba nikileta mifuko sasa watasema ndiyo ile waliyoibiwa.

Niambie la kufanya.

Pamela

*

Mfaranyaki, Songea
16 Machi 2025

Mpwa wangu Pamela,

Marahaba. Nilirudi Mpitimbi Jumapili iliyopita baada ya misa. Sina habari nyingine za kutanguliza.

Niliwaambia yote yaliyo yangu. Niliwaambia kwamba sauti ya ule ujumbe niliiandika mimi, kwamba palikuwa na sentensi ambayo ingewaokoa, na kwamba niliifuta kwa mkono wangu kwa sababu niliiona haina adabu. Nimefundisha miaka thelathini na minne na sijawahi kusimama mbele ya watu na kusema nilikosea. Nilisema wima, bila fimbo.

Kunegunda alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwalimu, tunakuheshimu. Lakini wewe ni kaka yake. Kaka asiposimama kwa dada yake, asimame kwa nani? Ungesema hata kwamba ni wewe uliyechukua mifuko."

Hawakunikasirikia. Walinipa chai. Ningependa wangenitukana.

Njiani mama yako alinisema mimi. "Nani alikutuma ukajivue nguo mbele ya watu? Sasa wanasema tumekwisha kupanga, mimi, wewe na mtoto." Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Nilimwandikia barua kwa basi. Imerudi haijafunguliwa. Hajawahi kurudisha barua yangu tangu nilipoanza kumwandikia nikiwa na umri wa miaka kumi na tisa.

Umeniuliza la kufanya. Kikundi kitakaa Jumamosi ya tarehe 12 Aprili, kabla ya Jumapili ya Matawi, kuamua kama watamfuta na kumpeleka kwa mtendaji wa kijiji kama mwizi. Neno langu halina uzito, wala lake. Wanachokitaka ni karatasi ya kampuni, yenye muhuri, inayosema kwamba wezi waliiga jumbe za Komeo, kwamba Komeo ilijua tangu Septemba na haikuwaambia wakulima, na kwamba mama yako, Walburga, hakuuza namba ya mtu. Sentensi tatu. Weka saini yako.

Najua itakugharimu kazi. Huenda na kampuni. Sikuombi kama mjomba, kwa kuwa nimekwisha kukuelekeza vibaya mara moja nawe ukanitii. Ninakueleza tu kwamba hakuna mwingine anayeweza kuiandika.

Pankrasi

*

Dar es Salaam
23 Aprili 2025

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilifika tarehe 19 Machi. Nilikuwa nayo mkobani muda wote huu. Pasaka nilikwenda kanisani na mwenye nyumba wangu, ingawa yeye ni Mwislamu. Alinisubiri nje akasema hataki nitembee peke yangu na uso niliokuwa nao.

Najua Jumamosi waliyoipanga imepita. Sijampigia mtu kuuliza waliamua nini. Wewe hukuniandikia, nami nimeelewa.

Niliandika ile karatasi. Niliiandika siku ileile barua yako ilipofika, kabla ya kuvua viatu. Nikaipeleka kwa Muhsini kwa ajili ya muhuri. Hakunifokea. Alisema, "Pamela, vile vyama vimetia saini. Tuna watu thelathini wanaokula hapa." Mwanasheria wetu akaniomba niiandike upya kwa sauti ya kampuni, ili isigongane na jumbe nyingine. Nikakaa na kurasa zako kumi na mbili. Mara ya kwanza ikatoka salamu, na pole kwa usumbufu, na shukrani. Mara ya pili vilevile. Niliiandika mara sita, Mjomba. Kila nilipofika penye "tulijua", sauti hiyo ilinipisha kwa upole, ikapita pembeni. Inajua kusalimu na kuagiza. Kukiri haijui. Neno hilo halimo katika kurasa zako, nami sikuwahi kuliongeza.

Hatimaye nilimpa mwanasheria ile aliyoipenda. Haimtaji Mama. Haijatumwa popote.

Ile ya kwanza, ya sentensi tatu, ninayo. Haina muhuri, lakini saini yangu ipo. Nimenunua bahasha. Nimekwenda kituo cha basi la Songea mara mbili na kurudi nayo. Wakala wa mizigo amenizoea, mara ya pili aliniuliza, "Dada, leo unatuma au umekuja kutusalimia?"

Mama alinipigia Ijumaa Kuu. Hakusema lolote la kikundi. Aliuliza kama ninakula. Nilisema ninakula. Salio lake likaisha, nami sikumpigia tena.

Usinijibu barua hii. Nikishaamua, nitakuandikia.

Pamela